Machozi ya Kuazima

Mtu atokaye Baraka, akaliacha Ziwa Tanganyika nyuma ya mgongo wake na kuikata milima ya Fizi mpaka akafika Kilembwe katika Lulenge, hatakuta huko jumba la michezo wala pazia wala viti vilivyopangwa kwa safu. Na hata hivyo atakuwa amekosea sana akidhani kwamba amefika kwa watu wasiojua kuigiza. Wabembe na jamaa zao Walega walikuwa na maigizo yao tangu zamani za mababu. Katika chama cha Bwami, kile ambacho serikali ya Wabelgiji ilikipiga marufuku mwaka 1948, methali hazikusemwa kwa kinywa peke yake, bali zilichezwa kwa ngoma, kwa ishara na kwa sanamu ndogo za pembe na za mti. Na Wabembe katika chama chao cha Alunga walikuwa na kinyago chenye nyuso mbili, mmoja ukitazama aendako mchezaji na wa pili ukitazama atokako. Mwanamke wa Kilega aliweza kupanda daraja za Bwami pamoja na mumewe, hata akafikia cheo cha kanyamwa chenye heshima kubwa. Walakini uso wa kuazima, ule umpao mtu ruhusa ya kusema asiyothubutu kuyasema kwa uso wake, ulikuwa aghalabu mali ya wanaume.

Ndiyo maana naona ni jambo la shani kwamba leo, katika uwanja wa mpira au kando ya soko, mbele ya machifu na wachungaji na watoto waliopanda juu ya miti, husimama mwanamke akalia machozi yasiyo yake.

Jambo hili lilikuja kwa njia ya msiba. Vita vilivyoanza mwaka 1996 viliwavusha watu wa Fizi ziwa kwa maelfu mpaka Kigoma, wakakaa katika kambi za Nyarugusu na Lugufu miaka hata watoto wao wakaota ndevu. Na tangu mwaka 2005, meli zilipoanza kuwarudisha kutoka Kigoma mpaka bandari ya Baraka, wengi walikuta mashamba yao yanalimwa na watu wengine, ambao nao walikuwa na hoja zao. Ugomvi ulikuwa tele, na baraza zilikuwa hazitoshi. Katika miaka hiyo shirika la Search for Common Ground lilifundisha makundi ya waigizaji mchezo wa kushirikisha watu. Kundi hufika kijijini kabla ya siku ya mchezo, likazunguka sokoni, kisimani na kwa wazee, likasikiliza ni ugomvi gani uliopo. Kisha likautunga mchezo wake palepale, bila kitabu, bila majina ya watu wa hapo, likaucheza uwanjani.

Tuutazame kwa karibu mchezo wa namna hiyo. Mjane amerudi kutoka kambini, mtoto mgongoni, sufuria kichwani. Shamba aliloachiwa na marehemu limejaa mihogo ya shemeji yake. Anapiga magoti. Shemeji, aliyeketi juu ya kigoda, anamjibu kwamba ardhi ni ya ukoo, na mwanamke hana ukoo ila wa baba yake. Hapo msemaji wa kundi anapiga makofi, wachezaji wanaganda kama walivyo, mkono hewani na kinywa wazi, naye anaugeukia umati na kuuliza: Je, mmeridhika? Ungekuwa wewe, ungefanyaje? Wa kwanza kujibu huwa ni wanaume, kwa kuwa wao ndio waliozoea kusema katika lubunga, nyumba ya mashauri ya Kibembe. Kisha, baada ya kimya kirefu, huinuka mama mmoja mwenye tope la shambani miguuni, akapokea kitenge cha mchezaji, akajifunga, akasimama mahali pake. Kwa dakika chache zile yeye si mke wa fulani. Ni mjane wa mchezo, na ayasemayo hakuna mtu awezaye kumshitaki kwayo jioni nyumbani. Kitenge kile ni sitara.

Aliyeipa njia hii umbo lake ni Mbrazili Augusto Boal, aliyefariki mwaka 2009, naye hakuona haya kusimulia kwamba mwalimu wake alikuwa mwanamke. Alipokuwa akifanya kazi Peru alijiwa na mke mmoja asiyejua kusoma, ambaye mumewe alimkabidhi karatasi azihifadhi, ati ni hati za nyumba wanayojenga; jirani akamsomea, kumbe ni barua za mapenzi za mwanamke mwingine. Mume anarudi, naye afanyeje? Kundi likauigiza mkasa, hadhira ikatoa mashauri, na mama mmoja wa mwili mkubwa akashikilia kwamba mke aseme na mumewe kwa uwazi. Waigizaji wakajaribu uwazi huo, mama akakataa. Wakajaribu tena, akazidi kukasirika. Hata Boal akamwambia apande aonyeshe mwenyewe. Alipanda, akaushika ufagio, akamtandika nao yule mwigizaji maskini aliyekuwa mume. Tangu siku ile Boal alijua kwamba hakuna mwigizaji, hata awe hodari namna gani, awezaye kulitafsiri neno la mtu kama mwenyewe.

Lakini mama aliyepanda mara moja hurudi kwake akiwa yule yule. Mchezaji wa kundi ndiye anayebaki na deni. Akicheza mke mwovu, kesho sokoni huitwa mke mwovu. Akicheza kahaba, wako watakaouliza ameyajua wapi mambo yale kama si kwa kuyatenda. Na akikumbatiwa mchezoni na mume wa uongo, huenda mume wa kweli akaletewa habari kabla yeye hajafika nyumbani. Mwanamume aliyecheza mwizi hafungiwi milango. Mwanamke huadhibiwa kwa uhodari wake mwenyewe, maana kadiri anavyocheza vizuri ndivyo anavyosadikiwa. Wala hapati mali ya kumfariji: mwigizaji wa huku hali kwa mchezo, hula kwa jembe lake na kwa dagaa anaouza, na mradi ukiisha, kundi nalo mara nyingi hutawanyika.

Waliorudi kutoka Tanzania wanajua kwamba ng'ambo ya ziwa yapo mambo mengine. Huko wanawake wamefikia kuitunga michezo wenyewe na kuifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam: Amandina Lihamba, mwigizaji na mtunzi, na Penina Muhando, ambaye katika Nguzo Mama ya mwaka 1982 aliwaweka wanawake wa kijiji kizima jukwaani wakihangaika kusimamisha nguzo isiyotaka kusimama.

Turudi kwenye machozi, kwani hapo ndipo ilipo siri ya kazi hii. Machozi ya mwigizaji hutoka wapi? Mwaka 1949 mjini Berlin, katika mji uliokuwa ungali kifusi, Helene Weigel alicheza Mama Courage katika mchezo wa mumewe Bertolt Brecht: mwanamke mchuuzi avutaye gari lake nyuma ya majeshi, akiuza kwa askari wa pande zote, ambaye vita vile vinavyomlisha vinawala watoto wake watatu. Aliposikia bunduki zilizomwua mwanawe, Weigel aligeuza kichwa, akapanua kinywa chake chote, na hapakutoka sauti. Yasimuliwa kwamba sura ile aliitoa katika picha ya gazeti, ya mama mmoja wa Kihindi aliyepiga magoti mbele ya maiti ya mwanawe wakati Singapore ilipopigwa mabomu. Hakuhitaji kufiwa, alihitaji kutazama kwa makini na kwa heshima.

Mchezo huohuo ndio Mmarekani Lynn Nottage aliotaka kuutunga upya alipokwenda Uganda kuwasikiliza wanawake waliokimbia Kongo. Alipowasikia aliuacha mpango wake wa kwanza, akatunga Ruined, uliochezwa Chicago mwaka 2008 na kupata tuzo ya Pulitzer mwaka 2009: habari za Mama Nadi, mwenye baa katika mji wa machimbo, auzaye bia kwa askari na kwa waasi sawasawa. Msomaji wa Fizi, ambako dhahabu nako huchimbwa, hana haja ya kuelezwa Mama Nadi ni nani.

Tena yuko Rachel Mwanza, binti aliyelala katika mitaa ya Kinshasa kabla ya kuchaguliwa kucheza mtoto aliyeingizwa vitani katika filamu ya Rebelle, akapewa Dubu wa Fedha wa mwigizaji bora wa kike huko Berlin mwaka 2012. Hakuwa amebeba bunduki katika maisha yake. Alikuwa ameonja kutupwa, na kutoka katika kutupwa kule akakopa machozi ya msichana mwingine.

Nasema haya kwa sababu wako watu, tena wenye nia njema, wadhanio kwamba mchezo utakuwa wa kweli zaidi ikiwa mwanamke aliyedhulumiwa atasimama uwanjani aigize dhuluma yake mwenyewe. Mimi nasema hilo ni kosa. Dhuluma ya mtu ina mahali pake pa kutajwa: Februari 2011 mahakama ya kijeshi ilikaa palepale Baraka, wanawake wa Fizi wakatoa ushahidi wao, na luteni kanali mmoja akahukumiwa kifungo cha miaka 20. Huko mtu hudai haki yake. Uwanjani mwigizaji huchukua mzigo wa mwenzake kwa muda mfupi ili mwenye mzigo akae miongoni mwa watazamaji, kitenge chake kimemfunika, akajisikia akisemwa pasipo mtu kumnyooshea kidole. Ukimvua mwigizaji sitara ile, ukamwambia alie ya kwake, umewavua wote wawili.

Basi, msomaji mpenzi, siku kundi litakapofika kijijini kwako, ukacheka na ukalia, na kesho yake ukakutana sokoni na yule aliyekuwa mke mwovu ananunua chumvi, mwamkie kwa jina alilopewa na wazazi wake.