Benjamin Ayimba, kocha aliyeipa Kenya kombe la raga Singapore

Msikilizaji, ukiuliza matokeo ya Simba na Yanga pale Igalula stesheni, utajibiwa kabla hujamaliza swali. Ukiuliza raga, utarudishiwa swali: ni ule mpira wenye umbo la yai? Ndiyo, ni huo huo. Kwetu Tanzania wanaoucheza ni wachache, hasa Arusha na Dar es Salaam. Kwa jirani zetu Kenya ni mchezo mkubwa, na kocha aliyewafikisha juu kuliko wote alifariki kwa ugonjwa ambao kila nyumba ya Tabora inaujua. Jina lake ni Benjamin Ayimba.

Tuanze na mchezo wenyewe. Raga ya kawaida ina wachezaji 15 kila upande. Ipo nyingine ya wachezaji saba, na ndiyo iliyoipa Kenya jina. Uwanja ni ule ule mkubwa, watu ni nusu, kwa hiyo nafasi za kukimbia ni nyingi. Mechi ina dakika saba, mapumziko ya dakika mbili, kisha dakika saba nyingine. Ukiuvusha mpira mstari wa mwisho wa wapinzani na kuugusisha chini unapata pointi tano. Ukiupiga mpira ukapita katikati ya milingoti, unaongezewa mbili.

Kuna jambo moja linalowachanganya mashabiki wa soka. Katika soka, aliyefungwa ndiye anayeanzisha mpira. Katika raga ya saba ni kinyume, aliyefunga ndiye anayepiga kuwapelekea wenzake. Timu ikikosa watu warefu wa kuruka na kuudaka mpira huo hewani, inaweza kufungwa mara tatu mfululizo bila kuugusa. Ndiyo maana kocha wa raga ya saba huumiza kichwa sana anapochagua watu. Mechi ikishaanza, dakika 14 hazimpi nafasi ya kurekebisha mengi. Kazi yake ameifanya nyuma, mazoezini.

Ayimba aliujua mchezo kwa mwili wake. Alichezea klabu ya Impala ya Nairobi, akaenda Uingereza akachezea Cornish Pirates, na akawa nahodha wa Kenya. Mwaka 2006 akakabidhiwa timu ya taifa ya wachezaji saba, ambayo Wakenya wanaiita Shujaa.

Machi 2009 aliipeleka Dubai kwenye Kombe la Dunia la raga ya saba. Robo fainali walikutana na Fiji, mabingwa watetezi. Fiji ni visiwa vidogo vya Bahari ya Pasifiki, lakini kwa mchezo huu ni kama Brazil kwenye soka. Kenya ikashinda 26-7. Nusu fainali ikafungwa na Argentina 12-0, lakini dunia ilikuwa imeshaona. Oktoba mwaka huo huo, Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ikaamua raga ya saba iingie kwenye Olimpiki kuanzia 2016. Mchezo uliokuwa wa burudani ya wikendi ukawa na medali, na fedha za serikali zikaanza kuutazama.

Ungedhani kocha huyo angeachwa afanye kazi yake hadi Olimpiki. Haikuwa hivyo. Mwaka 2011 aliondolewa. Wakaja wengine, akiwemo Mwingereza Mike Friday, aliyeifikisha Kenya nusu fainali ya Kombe la Dunia kule Moscow mwaka 2013, kisha Paul Treu wa Afrika Kusini. Hakuna aliyekaa. Kwa maoni yangu, hapo ndipo Kenya ilipojipunguzia nguvu, maana kila kocha mpya huja na mtindo wake na wachezaji hujifunza upya.

Mwishoni mwa 2015 Ayimba akaitwa tena. Miezi michache tu baadaye, tarehe 17 Aprili 2016, Kenya ilikuwa fainali ya mashindano ya Singapore, moja ya vituo vya mzunguko wa dunia. Ilikuwa imeshafika fainali mbili za mzunguko huo, Adelaide 2009 na Wellington 2013, na kupoteza zote. Safari hii mpinzani alikuwa Fiji. Wengi walijiandaa kuwapa Kenya pole ya kawaida.

Ikaisha 30-7. Collins Injera alivuka mstari mara mbili, na nahodha Andrew Amonde akanyanyua kombe. Lilikuwa la kwanza kwa Kenya kwenye mzunguko ule, na kwa Afrika ni Afrika Kusini pekee waliokuwa wamewahi kushinda kabla yao.

Miezi minne baadaye, huko Rio, Fiji ile ile ilitwaa dhahabu ya Olimpiki, medali ya kwanza katika historia ya nchi yao. Kenya ilipoteza mechi zake zote tatu za kundi na kumaliza ya 11 kati ya timu 12. Ayimba akaondoka tena. Aprili alibebwa juu, Agosti akalaumiwa, na wachezaji wengi walikuwa wale wale.

Mei 2021 alifariki katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, Nairobi, baada ya kuugua malaria kali iliyoshambulia ubongo. Alikuwa na miaka 44. Alipokuwa amelazwa, familia na wachezaji wenzake walichangisha fedha za matibabu.

Huku kwetu tunasema malaria imepanda kichwani. Vijidudu hufanya chembe nyekundu za damu zinate kwenye mishipa midogo ya ubongo, na mgonjwa huchanganyikiwa, hupata degedege au huzimia. Wapo wanaomkimbizia kwa mganga wakidhani ni mashetani, na saa zinapotea. Huyo anahitaji sindano hospitalini, haraka. Kumbuka pia kwamba mwili wa mtu mzima uliozoea malaria husahau. Ndugu aliyekaa miaka mingi Arusha au Nairobi, akija likizo Igalula msimu wa mvua, naye alale kwenye chandarua, na homa ikianza apimwe siku hiyo hiyo. Misuli ya mwanamichezo haimkingi.

Miezi miwili baada ya msiba, Shujaa walikuwa Tokyo kwenye Olimpiki. Kocha alikuwa Innocent Simiyu, aliyewahi kucheza chini ya Ayimba. Amonde, nahodha wa Singapore, alikuwa mmoja wa wawili waliobeba bendera ya Kenya siku ya ufunguzi. Walimaliza wa tisa, baada ya kuifunga Ireland 22-0 katika mechi ya mwisho.