Kuzuia Joto Katika Nyumba Iliyokwisha Kujengwa

Huko Mbagala na Bunju, ukuta wa matofali ya saruji unaoelekea magharibi huwa bado na joto hata baada ya jua kutua. Ukuta huo huhifadhi joto la mchana, kisha hulitoa chumbani polepole wakati watoto wamelala.

Katika nchi za baridi kama Uingereza, nyumba nyingi zina kuta za tabaka mbili zenye uwazi katikati. Fundi hutoboa tabaka la nje na kupuliza nyuzinyuzi za kioo ndani ya uwazi huo. Kinga hasa ni hewa iliyonaswa humo, kwani hewa tulivu hupitisha joto kidogo mno kuliko saruji.

Ukuta wa tofali moja hauna uwazi wa kujazwa. Aidha, Dar es Salaam iko karibu digrii 7 kusini ya Ikweta. Adhuhuri jua hukaribia utosini, na bati ndilo lipokealo joto jingi zaidi. Hivyo basi, yafaa mwenye nyumba aanze kwa kuweka dari, ili hewa iliyo kati yake na bati iwe kinga. Kisha aupake ukuta wa magharibi chokaa nyeupe, na apande mti wa kuutilia kivuli.