Je, Wajua? Kompyuta ya Linux Inapogoma Kusasishwa

Sakina, kando ya barabara ya kutoka Arusha mjini kwenda Namanga, kompyuta ya mezani iliyokwisha kutumika ng'ambo bado ina miaka ya kazi mbele yake: kuchapa barua, kujaza fomu za wanafunzi, kutunza hesabu za duka. Wenye mashine za namna hiyo huipenda Linux kwa kuwa haidai ada ya leseni. Lakini masasisho yakikwama, ushauri wa kwanza mtaani ni kufomati. Kabla hujafomati, soma haya. Yanahusu Debian, Ubuntu na Linux Mint.

Je, wajua kwamba amri ya *sudo apt update* haisasishi programu hata moja? Inaleta tu orodha mpya ya programu zilizopo, kama mtu aliyekwenda soko la Kilombero kuulizia bei akarudi na kapu tupu. Anayenunua ni *sudo apt upgrade*. Ukitoa amri ya pili bila ya kwanza, kompyuta hufuata orodha ya zamani, na inaweza kutafuta faili zilizokwisha kuondolewa kwenye seva, kisha ikakujibu *404 Not Found*.

Je, wajua kwamba betri ndogo ya duara inaweza kuzuia masasisho yote? Ipo kwenye mazabodi, inaitwa CR2032, ina volti 3, na kazi yake ni kutunza saa mashine ikiwa imezimwa. Ikifa, kompyuta huamka ikidhani ni mwaka wa nyuma. Orodha za programu hutiwa sahihi zenye tarehe, kwa hiyo mashine huikataa ya leo kwa maneno *is not valid yet*. Andika *timedatectl* uone saa inasemaje, irekebishe, kisha badilisha betri.

Je, wajua kwamba umeme ukikatika katikati ya kusasisha, kazi iliyofanyika haipotei yote? Mfumo hukumbuka ni programu zipi zimefunguliwa lakini hazijapangwa. Umeme ukirudi, andika *sudo dpkg --configure -a*, halafu *sudo apt --fix-broken install*. Mara nyingi amri hizi mbili hutosha.

Je, wajua kwamba ujumbe wa *Could not get lock* kwa kawaida si ubovu? Maana yake kuna programu nyingine inayosasisha wakati huohuo. Ubuntu hujisasishia yenyewe marekebisho ya usalama kimyakimya, hasa mashine inapowashwa baada ya kulala muda mrefu. Subiri imalize. Ukifuta faili la kufuli kwa haraka, programu mbili zinaweza kuandika mahali pamoja na kuharibu kumbukumbu za mfumo.

Je, wajua kwamba diski ikijaa, masasisho hufa katikati? Andika *df -h* uone kilichojaa. Faili za programu zilizokwisha kupakuliwa hukaa kwenye */var/cache/apt/archives*, na *sudo apt clean* huzifuta. Kama kilichojaa ni */boot*, kosa ni la viini (kernel) vya Linux vya zamani vilivyorundikana. Viini hivyo huondolewa kwa *sudo apt autoremove --purge*.

Je, wajua kwamba bando likiisha katikati ya kupakua, si lazima uanze upya? Faili lililofika nusu huwekwa kwenye folda iitwayo *partial*. Ukijiunga tena na kurudia amri ileile, upakuaji huendelea pale ulipoishia.

Je, wajua kwamba kompyuta kumi za darasa moja hazihitaji kupakua mara kumi? Programu ya *apt-cacher-ng* ikiwekwa kwenye mashine moja, hutunza kila kilichopakuliwa na kuzigawia mashine nyingine ndani ya chumba. Shule yenye bando dogo ipakue mara moja tu.

Je, wajua maana ya *Hash Sum mismatch*? Kila faili lina alama yake ya hesabu. Kilichofika kisipolingana na alama hiyo, mashine hukikataa ili isiweke kitu kilichoharibika au kuchezewa njiani. Futa orodha kwa *sudo rm -rf /var/lib/apt/lists/\**, kisha rudia *sudo apt update*. Ikigoma tena, jaribu mtandao mwingine au seva nyingine.

Je, wajua kwamba Arusha ina kituo chake cha kubadilishana data kati ya watoa huduma za intaneti? Kinaitwa AIXP. Faida yake ni kwamba data ya hapa kwa hapa haina haja ya kuzunguka mbali. Kwa masasisho nako umbali una maana: kwenye mipangilio ya vyanzo vya programu, Ubuntu na Mint zinaweza kupima seva na kukuchagulia yenye kasi kwako.

Je, wajua kwamba Ubuntu iliwahi kutumwa kwa posta bure? Mwanzilishi wake ni Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, aliyesafiri anga za juu Aprili 2002. Toleo la kwanza lilitoka Oktoba 2004, na hadi 2011 mtu aliweza kuagiza CD bila kulipa hata nauli ya kifurushi. Lilikuwa jambo kubwa kwetu, kwani mkongo wa intaneti wa chini ya bahari wa SEACOM ulianza kazi Dar es Salaam Julai 2009 tu.

Je, wajua kwamba toleo la mfumo nalo huzeeka? Matoleo ya Ubuntu ya muda mrefu, yanayotoka kila baada ya miaka 2, huhudumiwa miaka 5. Muda wa kawaida wa 20.04 uliisha Mei 2025. Matoleo ya katikati huhudumiwa miezi 9 tu, kisha huhamishiwa kwenye seva ya makumbusho, na anwani ya zamani hujibu 404. Andika *lsb_release -a* ujue lako. Mtu binafsi anaweza kuongeza muda wa toleo refu kwa Ubuntu Pro, bure kwa kompyuta 5.

Je, wajua kwamba kwa mashine nyingine kikwazo ni aina ya mfumo? Ubuntu haitoi tena mfumo wa biti 32. Andika *uname -m*: ukiona *i686*, mfumo wako ni wa biti 32, ukiona *x86_64*, matoleo mapya yanakusubiri.

Je, wajua kwamba kiini kipya kikigoma kuwaka, cha zamani bado kipo? Shikilia Shift au bonyeza Esc wakati wa kuwasha, ingia kwenye chaguo za ziada, chagua kiini cha awali.

Je, wajua kwamba Watanzania walishaifanya kompyuta iseme Kiswahili? Desemba 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, ofisi kamili ya bure kwa Kiswahili. Kazi hiyo haijaisha, kwani ujumbe mwingi wa makosa bado ni wa Kiingereza. Milango ya kutafsiri iko wazi kwa yeyote.

Mafundi na walimu wa kompyuta wa Sakina, mfundisheni mteja na mwanafunzi kusoma ujumbe ulioandikwa kwenye skrini kabla ya kugusa chochote. Saa, nafasi, umeme, mtandao na umri wa toleo: hayo matano yakaguliwe kwanza. Kufomati kuwe neno la mwisho, na kabla yake nakala za kazi za mtu ziwe zimehifadhiwa.