Pumzi fupi: juu ya nini kukaa tu kwenye kiti kunaongeza ugonjwa

Mu Bukavu, mutu mwenye mapafu mabovu anajulikana wakati wa kupanda kilima. Akitoka sokoni Kadutu kurudi nyumbani, anasimama mara tatu, mara ine, mukono kwenye ukuta, anatafuta pumzi. Watu wa nyumba wakiona vile, wanamuhurumia: «Mama, kaa tu. Sokoni tutaenda sisi, maji tutachota sisi.» Mwaka unapita, mama hatoki tena kwenye kiti. Mwishowe hata kwenda choo kunamushinda.

Familia imefanya vile kwa mapendo. Lakini kile kiti nacho kinamumaliza.

Ugonjwa unatoka wapi?

Ugonjwa wa mapafu wa kudumu, ule wanganga wanaita BPCO, haushike wavuta tumbako peke yao. Moshi wa kuni na wa makala ndani ya jiko lisilo na dirisha unaharibu mapafu polepole, miaka na miaka. Vumbi ya mawe inafanya vilevile kwa wachimbaji wa madini. Na wako wengine waliopona kifua kikuu kabisa, microbe haiko tena, lakini makovu yamebaki ndani ya mapafu. Shirika la afya duniani, OMS, linasema BPCO iliua watu zaidi ya milioni 3 mwaka 2019. Kati ya wale waliokufa mbele ya miaka 70, karibu 90 kwa mia walikuwa wa inchi zenye mapato madogo na ya katikati.

Shida iko pia kwenye miguu

Zamani wanganga wenyewe walikuwa wanaambia mugonjwa apumzike. Leo wanasema kinyume, na sababu ni hii: mutu akikaa siku zote, misuli ya miguu inakonda. Misuli zaifu inaomba hewa mingi kwa kazi kidogo. Basi pumzi inakatika haraka zaidi, mugonjwa anaogopa, anakaa tena. Ni kama kuzunguka fasi moja, na kila muzunguko unamushusha.

Mazoezi hayarudishe mapafu yaliyoharibika. Yanafundisha miguu na roho kutumia vizuri hewa kidogo ile inayobaki.

Ginsi mazoezi yanafanyika

Kwa kawaida inachukua wiki 6 mupaka 12, mara mbili ao tatu kwa wiki, pamoja na kinesiterapeti. Kwanza mugonjwa anatembea dakika 6 fasi ya sawasawa, wanahesabu metre, na kamashini kadogo ka kwenye kidole kanapima oksijeni. Kisha anaanza: kutembea, kupanda na kushuka kidaraja kimoja, kusimama kutoka kwenye kiti bila kujishika, kuinua chupa za maji. Kipimo cha nguvu ni rahisi: aweze kusema maneno machache, lakini asiweze kuimba. Pumzi kupanda kidogo si hatari. Ndiyo kazi yenyewe.

Anafundishwa pia kupumua. Anavuta hewa kwa pua, anaitoa polepole kwa midomo iliyobanwa, kama mutu anayepoza chai ya moto, na kutoa kuchukue wakati mara mbili kuliko kuvuta. Kwenye ngazi anavuta akisimama, anatoa akipanda. Pumzi ikikatika, anainama mbele kidogo, mikono kwenye magoti.

Haiombe mashini ya bei kali. Mu Uganda, kwenye hospitali ya Mulago, Kampala, wanganga walijaribu mazoezi haya kwa watu waliobaki na makovu ya kifua kikuu: wiki 6, mara mbili kwa wiki. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2017 yalionyesha kama watu wale walitembea mbali zaidi kuliko mbele.

Mbele ya kuanza

Mwenye kukohoa zaidi ya wiki mbili apimwe kwanza kifua kikuu. Mu Congo, dawa yake ni ya bure. Mwenye maumivu ya kifua, mwenye kukohoa damu, ao mwenye midomo ya bluu, aone munganga kwanza, asianze peke yake. Dawa za kuvuta zinaendelea, haziachwe. Tumbako nayo iachwe, na mbabula itoke inje: mazoezi hayawezi kushinda moshi wa kila siku.

Na wiki zikiisha, kutembea kusiishe. Mutu akirudi kukaa, nguvu inapotea tena ndani ya miezi.

Kwa hiyo familia inaweza kubadilisha musaada wake. Bidoni ya litre 20 ibaki kazi ya vijana. Lakini sokoni, mama aende mwenyewe, na mutu mumoja amusindikize. Akisimama njiani mara ine, wamungojee mara ine. Kesho pengine itakuwa tatu.