Meya wa Arusha ana mamlaka kiasi gani?

KILA mvua za masika zinapoharibu barabara za Sombetini na Ngarenaro, lawama nyingi humwendea Meya wa Jiji la Arusha. Ndiye avaaye joho na mkufu, hivyo wengi hudhani ndiye mkuu wa jiji. Sheria haisemi hivyo.

Kwa mujibu wa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) ya mwaka 1982, meya huchaguliwa na madiwani kutoka miongoni mwao. Huongoza vikao vya baraza kwa miaka mitano, ilhali naibu wake huchaguliwa kila mwaka. Theluthi mbili ya madiwani wakiungana, wanaweza kumwondoa.

Bajeti na sheria ndogo hupitishwa na baraza, si na meya. Utekelezaji uko mikononi mwa mkurugenzi wa jiji, ambaye pia ni katibu wa baraza, na ambaye huteuliwa na Rais. Kwa hiyo anayeuliza nani mkubwa kati ya meya na baraza amekosea pa kuanzia. Meya ni mtoto wa baraza. Suala gumu ni baraza lenyewe lina nguvu gani mbele ya mtendaji ambaye halikumteua.

Na nguvu hizo zimepungua. Kodi ya majengo ilihamishiwa Mamlaka ya Mapato mwaka 2016. Mwaka uliofuata barabara za mijini zikakabidhiwa TARURA. Diwani wa Sombetini anaweza kulalamika barazani mpaka sauti imkauke, lakini greda haliko chini ya meya wake.

Kama cheo hicho ni kidogo hivyo, mbona kilimwaga damu? Desemba 2010 Gaudence Lyimo wa CCM alitangazwa meya katika uchaguzi ambao CHADEMA waliukataa. Moja ya hoja zao ilikuwa kwamba mbunge wa viti maalumu aliyetoka Mkoa wa Tanga aliruhusiwa kupiga kura. Januari 5, 2011 polisi walikabiliana na waandamanaji na watu watatu waliuawa. Baadaye madiwani watano wa CHADEMA waliofikia mwafaka na upande wa meya walifukuzwa na chama chao, Agosti 2011, na kata za Kaloleni, Themi, Elerai na Kimandolu zikabaki bila diwani hadi uchaguzi mdogo wa Julai 2013.

Hapo ndipo panapoonekana udhaifu wa utaratibu huu: wajumbe wanapokaribiana idadi, kura moja yenye utata inatosha kuamua nani aongoze jiji.

Mwaka 2015 mambo yaligeuka. CHADEMA walishinda karibu kata zote na Kalist Lazaro akawa meya, akiwa na baraza nyuma yake. Hata hivyo, mkurugenzi, mkuu wa wilaya na mkuu wa mkoa walikuwa wateule wa Rais. Mei 2017 meya huyo alikamatwa na polisi alipofika Shule ya Lucky Vincent kupeleka rambirambi za ajali iliyoua wanafunzi. Wingi wa viti haukumkinga.

Wapo wanaopendekeza meya achaguliwe moja kwa moja na wananchi. Pendekezo hilo lina mvuto, lakini Kampala inatupa tahadhari. Erias Lukwago alipigiwa kura na wananchi mwaka 2011, huku utendaji ukiwa kwa Jennifer Musisi, mteule wa Rais Museveni. Walivutana karibu kila jambo, na Novemba 2013 madiwani wakapiga kura ya kumwondoa meya.

Nairobi ilichukua njia nyingine. Tangu 2013 gavana huchaguliwa na wananchi na huunda timu yake ya utendaji. Naye si mfalme: Desemba 2020 Bunge la Kaunti lilimwondoa Mike Sonko na Seneti ikathibitisha.

Kwa Arusha, ambako CCM imelishika baraza tangu 2020, mvutano wa vyama umetulia na mjadala huu umepoa. Kwa maoni ya mwandishi, huu ndio wakati wake, kwa kuwa hakuna meya anayetetea kiti kwa kura moja. Na uanze na ofisi ya mkurugenzi: anawajibika kwa nani, na baraza lifanye nini asipotekeleza lililopitishwa.