Mpungate: ujue kabla hujaukata

Mfugaji, ifikapo Oktoba hapa Mtera nyasi zimekwisha, makorongo yamekauka na mabua ya mtama yanahesabika. Mpungate bado ni kijani. Ni ule mmea wa miiba wenye vipande bapa mfano wa viganja, ambao wengine huuita dungusi kakati. Unaweza kukusaidia kuvusha mifugo mpaka mvua za Desemba. Unaweza pia kuumiza mbuzi wako na kufunika malisho yako. Yote yanategemea unavyoukata na unakovitupa vipande vyake.

Usiuchanganye na mnyaa

Mnyaa wa uzio ukivunjwa hutoa utomvu mweupe kama maziwa. Utomvu huo ni sumu na ukiingia machoni huweza kupofusha. Usilishe mifugo mnyaa. Mpungate hautoi maziwa. Ukiukata unaona ute unaovutika kama mlenda.

Unavyoishi bila mvua

Asili ya mpungate ni bara la Amerika, kwenye nchi kame. Vile vipande bapa si majani, ni shina lenye kuhifadhi maji. Ngozi yake ina nta, hivyo jua haliyanyonyi maji kwa urahisi. Mimea mingi hufungua vitundu vyake vya kupumulia mchana. Mpungate hufungua usiku kukiwa na ubaridi, na mchana hufunga.

Mizizi yake haiendi chini sana kama ya mgunga. Hutambaa karibu na uso wa ardhi na kuenea mbali. Kwa hiyo hata manyunyu yanayolowesha udongo kina cha kidole yanaufaa. Siku chache baada ya mvua huotesha vijizizi vipya, hunywa haraka na kujaza vipande vyake. Udongo ukikauka, vijizizi hivyo hufa, lakini mmea hubaki hai kwa akiba yake.

Kila kipande ni mbegu

Tazama kipande kwa karibu. Kila mahali miiba inapotokea pana jicho. Jicho hilo linaweza kutoa ua, kipande kipya au mzizi. Kipande kilichoanguka hukaa wiki nyingi juu ya udongo mkavu kikitumia maji yake chenyewe. Jeraha lake hukauka, kisha mizizi hutoka upande unaogusa ardhi.

Ndiyo maana anayefyeka mpungate kwa panga na kuacha vipande chini huwa ameupanda upya. Ulikuwa mmoja, mwakani ataikuta mingi.

Wenzetu wa Laikipia, Kenya, wanalijua hilo. Huko mpungate uliletwa wakati wa ukoloni kwa ajili ya uzio. Tembo, nyani na ndege walikula matunda na kusambaza mbegu, na vipande vilivyovunjika vikaota. Leo umefunika sehemu kubwa za malisho. Mbuzi, kondoo na ng'ombe wanaokula matunda yake hujaa vimiba midomoni, kwenye ulimi na tumboni, na wengine hufa kwa kushindwa kula.

Ukitaka kulisha mifugo

1. Usiwaache mifugo wajilie wenyewe penye miiba. Kata vipande na uvilete nyumbani.

2. Choma miiba juu ya moto, ukigeuza pande zote. Hakikisha hata vile vimiba vidogo kama vinyweleo vimeungua. Hivyo ndivyo vinavyoumiza zaidi. Vaa kitu kigumu mikononi na uwaweke watoto mbali.

3. Katakata vipande vidogo na uweke kwenye chombo, si chini.

4. Changanya na chakula kikavu: nyasi, mabua ya mtama au uwele. Ukipata mashudu ya alizeti, ongeza, kwa kuwa mpungate una protini kidogo.

5. Anza na kidogo, ongeza polepole kwa wiki moja au mbili. Mnyama akiharisha, punguza mpungate na uongeze nyasi kavu.

Usiufanye kuwa chakula pekee. Kilo 10 za mpungate mbichi zina karibu kilo 9 za maji. Chakula chenyewe ni kama kilo 1 tu. Ng'ombe wa kilo 250 anahitaji kama kilo 6 za chakula kikavu kwa siku. Kwa mpungate mtupu angehitaji kilo 60, na angeharisha kabla ya kuzimaliza. Faida yake kubwa kiangazi ni maji: mnyama anayeula hupunguza kiu, nawe unapunguza safari za kisimani.

Ukitaka kuuondoa

Anza ukiwa bado michache. Ng'oa pamoja na mizizi. Beba vipande kwenye gunia au toroli. Usiviburute, kwa sababu vitavunjika njiani. Virundike juu ya mwamba au mahali pagumu pasipogusa udongo mpaka vikauke kabisa, kisha uchome. Au vifukie kwenye shimo lenye kina cha mita moja. Usivitupe korongoni: maji ya mvua yatavibeba hadi kwa jirani. Baada ya mvua za kwanza rudi ukague, ung'oe kila kinachochipua.

Kama unautumia kwa uzio wa boma, okota vipande vinavyoanguka na uvune matunda kabla nyani na ndege hawajayafikia.

Ukiona mpungate umeanza kuota wenyewe machungani, mwambie afisa mifugo wa kata na uwaarifu majirani. Malisho ni ya wote, na mtu mmoja aking'oa huku jirani akiacha, kazi yake ni bure.