Musalaba wa shaba: maneno yetu yalipita njia gani?

Siku mushahara imetoka, hesabu inaanza hata kabla ya kufika nyumbani. Deni ya duka, feza ya masomo ya watoto, sadaka ya Siku ya Mungu, na akiba kidogo kama kunabakia kitu. Tuyaangalie maneno haya moja moja: mushahara, hesabu, deni, duka, feza, sadaka, akiba. Hakuna hata moja lililozaliwa Katanga. Yote yalitoka kwa Waarabu ng'ambo ya bahari, yakakaa pwani miaka mingi mdomoni mwa Waswahili, halafu yakapanda mpaka huku kwetu. Mushahara kwa Kiarabu ni malipo ya mwezi, na ndani yake mna neno lao la mwezi. Tunavunja mawe zaidi ya kilomita elfu moja kutoka Bahari ya Hindi, na mwisho wa mwezi tunangojea kitu chenye jina la Kiarabu.

Ukiuliza katika cité namna gani maneno haya yalifika, utapata majibu mawili. Mmoja atasema: ni Waarabu wa utumwa njo walituletea. Mwingine atasema: hapana, ni bazungu wa Union Minière. Sisi tunaona kila mmoja ameshika nusu, na nusu hizo mbili hazikufika siku moja.

Kwanza ilikuwa shaba, hata kabla ya kuitwa shaba. Bankambo waliiita mukuba. Kando ya ziwa Kisale, pahali panapoitwa Sanga, wataalamu walifukua makaburi mengi ya kale, kuanzia mwaka 1957. Mengine yana umri wa miaka karibu elfu moja. Ndani walikuta vyungu vizuri, vitu vya shaba, na pamoja navyo kauri, yale maganda madogo meupe ya konokono wa bahari, na ushanga wa kioo. Ziwa Kisale halina kauri. Zilitoka Bahari ya Hindi. Hatuna haja ya kufikiri kwamba Mwarabu alifika Kisale zamani hizo. Vitu vilipita mkono kwa mkono, kijiji kwa kijiji, na aliyezikwa na kauri pengine hakusikia hata siku moja habari za bahari.

Katika makaburi yaliyofuata, misalaba ya shaba inakuwa mingi, midogo midogo, ya kuhesabiwa kama feza. Baadaye ilifanywa mikubwa pia, na watu waliitoa kwa kuoa. Anayefanya kazi ya chuma leo ataipenda namna yao. Wakati wa ukame, mavuno yakiisha, mafundi walienda kwenye vilima vya mawe ya kijani, wakachimba na kuchagua. Tanuru walijenga kwa udongo wa kichuguu, sababu unavumilia moto. Ndani waliweka makaa na mawe, mivuo ya ngozi ikapuliza mpaka shaba ikashuka. Halafu waliimimina katika alama iliyochorwa chini. Askofu de Hemptinne, aliyeandika habari zao mwaka 1926, aliwaita “wala shaba”, na jina hilo limebaki.

Hapa tunaomba msomaji asimame kidogo. Kitu hiki sisi tunakiita “musalaba wa shaba”. Musalaba ni neno la asili ya Kiarabu. Shaba vilevile: kwa Waarabu lilikuwa jina la shaba nyeupe, ile ya manjano. Kitu chenyewe ni cha bankambo kabisa, wala hakikuwa na habari ya Yesu wala ya Mtume Muhammad, lakini majina yake yote mawili yalitoka baharini. Tungesema hakuna mfano bora kuliko huo wa kueleza ni nini kilichotupata.

Njia yenyewe ilifunguka vizuri katika karne ya 19. Kalasa, Msumbwa kutoka magharibi ya Tanzania ya leo, alikuwa akija huku kununua shaba. Mwana wake, Ngelengwa, ambaye tunamjua kwa jina la Msiri, alikuja karibu na mwaka 1856, akabaki, akajenga Bunkeya na ufalme wa Garenganze. Wayeke wake walijua kuvuta shaba kuwa nyuzi za kuvaa mkononi na mguuni. Upande wa mashariki alishika biashara na watu wa pwani, upande wa magharibi na Wachimbundu wa Angola waliofika mpaka Benguela. Shaba, chumvi na pembe za ndovu zilitoka. Bunduki, baruti, ushanga na vitambaa viliingia, na vitambaa vingine vilifumwa India kabla ya kuuzwa Zanzibar.

Na watu walitoka. Hili hatulifichi kwa kupamba historia. Waliofungwa minyororo walipita njia ileile ya shaba, wengine kuelekea mashariki, wengine magharibi, na Msiri mwenyewe alikuwa muuzaji. Wako wazee wasiopenda kusikia Kiswahili kinasifiwa kwa sababu hiyo, na hatuwezi kuwaambia wamekosea.

Ila dini ya wafanyabiashara hao haikushika Bunkeya. Msiri alinunua baruti yao, hakununua sala yao. Tunadhani sababu si ngumu: watu wa pwani walifuata mali, na mfalme alikuwa na dawa na mizimu ya kwao iliyomtosha. Kule Maniema, Nyangwe na Kasongo, ambako Tippu Tip na wenzake walikaa na kutawala, walipanda mpunga na kujenga misikiti, Uislamu ulibaki mpaka leo. Katanga walikuwa wapita njia. Waislamu tunao Lubumbashi, ndugu zetu na majirani, lakini wako wengi ambao wazee wao walikuja kutoka Maniema au Afrika ya Magharibi wakati mji ulikuwa umekwisha jengwa.

Sasa nusu ya pili. Disemba 1891 msafara wa Kapteni Stairs, uliotoka Zanzibar na wapagazi wa pwani, ulifika Bunkeya, na tarehe 20 Msiri akauawa. Waliokuja kutwaa nchi kwa jina la Leopold II walipewa amri njiani kwa Kiswahili. Kwenye ziwa Tanganyika, Mapadri Weupe walikuwa wameshika Mpala tangu 1885, wakifundisha katika lugha ileile. Halafu Union Minière mwaka 1906, na reli kutoka kusini mwaka 1910, mwaka mji wetu ulipozaliwa. Wafanyakazi wa kwanza wengi walitoka Rhodesia, na lugha ya migodi ya kusini ilikuja nao. Wabelgiji hawakuipenda. Waliogopa Waingereza kuwazidi nguvu katika nyumba yao wenyewe. Wafanyakazi walipoanza kutafutwa Lomami, Maniema, Kasai na Ruanda-Urundi, Kiswahili kikawa lugha ya kazi na ya kambi. Hata posho, chakula cha wapagazi wa misafara, ikawa jina la chakula ambacho kompanyi iligawia kambi. Kapita yeye alitoka upande mwingine, kwa Wareno.

Njo maana tunasema maneno yalipita mara mbili: mara ya kwanza na bunduki na ushanga, mara ya pili na reli na katekisimu. Mara ya pili ndiyo iliyoyapanda mizizi.

Katekisimu yenyewe iangaliwe. Mapadri waliokuja kushindana na Uislamu walihitaji maneno ya dini, na maneno yaliyokuwa tayari katika Kiswahili yalikuwa ya Waislamu. Wakayachukua. Dini, sala, roho, malaika, shetani, zambi, toba, imani, neema, baraka, injili, kanisa: yote yalipita Arabuni. Mama anayesema Salamu Maria huko Kenya au Katuba anaanza kwa neno ambalo Mwislamu anamsalimia nalo mwenzake. Mungu, mbingu, kuomba, utakatifu, hayo ni ya Kibantu. Kwa hiyo “Roho Mutakatifu” ni ndoa: upande mmoja bahari, upande mwingine bara.

Mambo haya si yetu peke yetu. Ufilipino, visiwa vya Wakatoliki wengi sana, wafanyabiashara Waislamu walifika Sulu kabla ya Wahispania. Mpaka leo Mfilipino akitoka misa anashukuru kwa kusema “salamat”, ndugu wa salama yetu, na hakimu wake anaitwa “hukom”, ambayo kila mtu hapa aliyewahi kuitwa tribinali anasikia ni hukumu. Waarabu hawakuwafanya Wafilipino wote kuwa Waislamu. Waliwaachia maneno, padri akayabatiza.

Lakini mfano tunaoupenda zaidi ni wa Kolwezi. Katika miaka ya 1950, Padri Placide Tempels, yule aliyechapisha La philosophie bantoue hapa mjini mwaka 1945, alikaa na wafanyakazi wa Union Minière na wake zao, akawasikiliza wanataka nini katika maisha. Kikatoka kikundi cha baba na mama, mume na mke wakiingia pamoja, wakitafuta umoja na mapendo ndani ya kambi ambapo kila kitu kilihesabiwa kwa namba. Wakajiita Jamaa. Kwa Kiarabu ni watu waliokusanyika, na Mwislamu analitumia neno hilo kwa wanaosali pamoja. Wachimba shaba wakalichukua, wakalifanya kuwa la nyumba, la mke na mume. Hakuna Mwarabu aliyewafundisha hivyo.

Hata serikali iliingia katika mchezo huu. Katanga ya Tshombe, kuanzia 1960, iliweka misalaba mitatu ya shaba kwenye bendera, na mwaka 1961 ikapiga musalaba huo kwenye sarafu yake. Halafu Mobutu, mwaka 1971, kwa ajili ya kurudia asili, alifuta majina. Nchi ikawa Zaire, ambayo ni namna Wareno walivyosikia vibaya neno la mto. Katanga, jina la mfalme wa zamani wa huku huku, likafutwa, jimbo likaitwa Shaba. Kwa kutafuta neno la asili walichukua lililotoka Arabuni, na hakuna mtu aliyecheka, sababu lilikuwa limekwisha kuwa letu.

Mwaka 1997 Katanga ilirudi. Shaba ikabaki jina la mzigo ulio katika makamyo yanayopanga mstari Kasumbalesa, mengine yakienda Durban, mengine Dar es Salaam, karibu na Bagamoyo, ambapo misafara ya zamani ilifikia.